Sura ya Nne: Baba Amekataa

"Baba amekataa, Odoyo. Amesema chuo siendi, hata kama basi..."

Simu ikakatika.

Odoyo alibaki ameibana simu sikioni, mkono wa pili umejaa uma na visu. Alikuwa anatandika meza za chakula cha mchana kwenye kambi ya watalii, huko Natta, na wageni walikuwa karibu kurudi kutoka porini. Akapiga tena. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Akapiga mara nyingine. Yule dada wa mtandao hana huruma. Humpa kila mtu habari ileile kwa sauti ileile, hata kama moyo wa anayepiga umeshuka tumboni.

Ghati alikuwa analia. Hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Katika mwaka mzima waliofanya kazi pamoja, Odoyo alimwona Ghati akicheka, akinuna, akibishana na mgeni juu ya shuka ambalo mgeni alisema ni chafu na Ghati akasema ni kivuli cha dirisha. Kulia, hapana.

Ghati alifika kambini hapo baada ya kumaliza kidato cha sita, akapata kazi ya kutandika vyumba. Alikuwa Mkurya, kwao ni Matongo, kule upande wa machimbo ya dhahabu. Wageni wakiondoka huacha vitu vyao vyumbani: mafuta ya kujikinga na jua, soksi ya mguu mmoja, vitabu. Soksi zilitupwa. Vitabu Ghati aliviomba. Vingi vilikuwa riwaya za Waitaliano, za Wahispania, za Wareno, zote zimefasiriwa kwa Kiingereza, na mchana wageni wakiwa huko wanawatazama simba, Ghati alikaa nyuma ya jiko akizisoma na kumsimulia Odoyo kwa Kiswahili. Odoyo alidai kwamba anapenda sana hadithi. Kornelio, mpishi mkuu, alisema hajawahi kuona mtu anayesikiliza hadithi kwa kuukodolea macho mdomo wa msimuliaji.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kabla masika hayajaisha kambi nzima ilikuwa inajua, isipokuwa wazazi wa pande zote mbili, ambao huwa wa mwisho kujua na wa kwanza kukasirika.

Kisha Ghati akaomba chuo kikuu, akapata. Shahada ya fasihi, Dodoma, na ndani yake kozi aliyoiota tangu aliposoma kitabu cha kwanza: Fasihi ya Lugha za Kirumi katika Tafsiri. Aliitamka kwa Odoyo pole pole, anaionja. Walikubaliana. Ghati aende asome, na akimaliza, Odoyo atapeleka wazee Matongo. Akaacha kazi, akarudi kwao kujiandaa. Basi lake lilikuwa la Jumapili. Asiporipoti wiki hiyo, nafasi yake wangempa mtu mwingine.

Na sasa baba amekataa.

Ukweli usemwe. Odoyo aliposikia maneno yale, kabla hajahuzunika, kitu kidogo ndani yake kilifurahi. Kilisema: basi atabaki. Hatakwenda kukutana na vijana wa Dodoma wenye miwani. Kilisema hivyo upesi, kikanyamaza, na Odoyo akaona aibu kubwa, pale pale katikati ya meza, uma mkononi.

"Umesimama hapo unasubiri picha?" Kornelio alitokea jikoni akijifuta mikono.

"Baba yake Ghati amekataa asiende chuo."

Kornelio alikuwa mtu mzima wa hapo hapo Natta, ameozesha mabinti wake wote, na katika mambo ya wakwe alijihesabu profesa.

"Kwa nini?"

"Sijui. Simu imekatika."

"Basi nenda."

"Niende wapi?"

"Kwa mzee. Umwombe."

"Kaka Kornelio, mimi ni nani kwake? Nifike Matongo, mtu wa Utegi, Mjaluo, niseme shikamoo mzee, nimekuja kukufundisha kulea binti yako?"

"Usiseme hivyo. Sema vizuri." Kornelio akachukua uma kutoka mkononi mwake na kuanza kuzipanga mwenyewe. "Kesho pikapu inakwenda Mugumu kuchukua mboga. Panda. Meza zako nitazitazama. Mkwe habembelezwi kwa simu."

Usiku ule Odoyo alitunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na methali, na ilikuwa na sehemu ya kupiga magoti kama hali ingekuwa mbaya.

*

Kutoka Mugumu alipata gari la Nyamongo, akamalizia na bodaboda. Mwenye bodaboda alipoambiwa "kwa Mzee Nashoni Waisiko" aligeuka kidogo kumtazama abiria wake.

"Anakujua?"

"Bado."

"Haya," alisema yule dereva, kwa sauti ya mtu anayempeleka mwenzake hospitali.

Mzee Nashoni alikuwa kwenye zizi, anaziba pengo kwa matawi ya miiba. Alikuwa mrefu, mabega bado ya kijana, na kofia ya jua iliyopoteza rangi. Odoyo alisimama mbali kidogo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Mzee hakugeuka. "Kama ni ng'ombe, siuzi. Kama ni siasa, sipigi kura leo."

"Si ng'ombe, mzee. Naitwa Vicent Odoyo. Nafanya kazi Natta, kambini, pale alipokuwa Ghati."

Mzee akageuka. Akamtazama kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka usoni, na hapo akakaa.

"Sema."

Hotuba yote ikamtoka Odoyo kichwani. Utangulizi ulikwenda, methali zikaufuata. Kikabaki kile alichokuwa nacho moyoni.

"Mzee, nakuomba umruhusu Ghati aende chuo. Najua mimi si mtu wa kukwambia. Lakini nimemwona akisoma. Mtu yule akisoma anakuwa mwingine, uso wake wote unafunguka. Ukimzuia utakuwa umeizima taa ukiwa ndani ya nyumba. Nakuomba usimzuie."

Mzee Nashoni aliweka tawi chini.

"Nani amemzuia?"

"Wewe, mzee."

"Mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimemzuia lini? Mimi ndiye niliyemnunulia sanduku." Alisema kwa hasira ya mtu aliyesingiziwa. "Nilimuuliza swali moja tu. Nilimuuliza, hizo lugha za Kirumi, ni za pale Kirumi darajani? Kwa sababu pale daraja la Mto Mara nimepita na ng'ombe tangu ujana wangu, na sijasikia lugha ya kupeleka mtu chuo kikuu. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikajua si pale. Basi. Nikamwambia nenda."

"Lakini jana amenipigia, mzee. Analia. Amesema mwenyewe, baba amekataa."

Uso wa mzee ukaanza kubadilika, kwanza mdomoni, halafu kwenye macho, na mwisho akashika mti wa zizi ili asianguke kwa kicheko. Mbuzi wakakimbia.

"Alisema baba?"

"Ndiyo."

"Alikuwa analia?"

"Analia sana."

"Mura, kijana," alisema mzee, akifuta machozi kwa kofia, "sikiliza. Mkurya akiumia, Kiswahili kinakimbia, kinabaki Kikurya. Na kwa Kikurya mimi ni *tata*. *Baba* ni mama. Hapa kwangu baba ndiye anayesonga ugali."

Asiyejua maana haambiwi maana, na Odoyo kwa mwaka mzima hakuambiwa. Ghati alipoongea naye alisema mama, kwa Kiswahili safi cha shuleni, na Odoyo hakuwa na sababu ya kujua kwamba akilia mama anageuka baba.

"Kwa hiyo aliyekataa..."

"Ni Nyangi. Mke wangu. Na ruhusa yangu mimi inafika mlangoni tu, kijana. Ya ndani anayo yeye." Mzee alivaa kofia, kicheko kikamtoka usoni. "Sasa nijibu na wewe. Umetoka Natta mpaka hapa kwa sababu ya chuo cha binti yangu. Wewe ni nani kwake?"

Hapo Odoyo angeweza kusema rafiki. Angeweza kusema mfanyakazi mwenzake. Vijana wengi wangesema hivyo, na mimi nisingewalaumu.

"Nampenda, mzee. Nilitaka akimaliza kusoma ndipo nilete wazee."

"Mjaluo."

"Ndiyo."

"Tena Vicent. Mroma, Mkatoliki."

"Ndiyo, mzee."

"Kumbe ndiyo maana," alisema Mzee Nashoni, akachukua fimbo yake. "Twende. Leo utaungua na mimi nitakuwa nimekaa pembeni naota moto."

*

Ghati alikuwa uani, anaanika nguo. Alipowaona wawili wale wanapanda njia, baba yake mbele, Odoyo nyuma na viatu vyake vya kazini vilivyojaa vumbi, shuka lilimteleza mkononi likaanguka chini. Hakuliokota. Walitazamana juu ya bega la mzee. Ilikuwa kitambo tangu waagane, na macho ya Odoyo yalimwambia yote ambayo simu ilikuwa imeyakata. Akataka kukimbia kumlaki. Akataka pia kukimbilia ndani. Miguu haikukubaliana, akabaki pale pale.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapeta ulezi. Nyangi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, Msabato wa kuamka alfajiri, na ungo ulipanda na kushuka mikononi mwake bila yeye kuutazama.

"Shikamoo mama," alisema Odoyo.

"Marahaba. Ndiye Vicent?"

Odoyo alishtuka. Mzee Nashoni akavuta kigoda, akakaa pembeni kama alivyoahidi.

"Ndiye mimi, mama."

"Nimesikia habari zako sokoni. Huyu hakuniambia." Alimwelekezea Ghati kidevu. "Hakuniambia kwamba kule Natta ana Mroma. Aliniambia anakwenda kusoma. Nikamuuliza, kusoma nini? Akasema lugha za Kirumi. Nikamuuliza Kirumi ni nini? Akasema, kwa mdomo wake, Kirumi ni cha Roma. Nikanyamaza. Nikaenda sokoni, nikasikia habari za Vicent. Nikajumlisha."

"Mama..." alianza Ghati.

"Nimejumlisha. Miaka mitatu ya mafundisho ya ndoa, halafu anarudi na rozari shingoni. Kwa nini msiniambie tu?"

Odoyo aliuma midomo. Alijua akicheka amekwisha.

"Mama," alisema kwa adabu, "hata sisi Waroma wenyewe, mafundisho ya ndoa hayafiki miaka mitatu."

Mzee Nashoni akakohoa kwa muda mrefu.

Ghati akaja, akakaa kwenye mkeka, karibu na goti la mama yake. Macho yalikuwa bado mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia, ile sauti ya nyuma ya jiko ambayo Odoyo aliijua.

"Mama, wewe ulizaliwa Ngoreme. Ulipoolewa hapa, watu walipoongea Kikurya, ulielewa?"

"Nusu. Maneno mengine yaleyale, mengine yamepinda."

"Kwa nini yaleyale?"

"Kwa sababu ni lugha za tumbo moja. Kingoreme, Kikurya, Kisimbiti. Kila mtu anajua."

"Basi na huko Ulaya ni hivyo hivyo. Kulikuwa na lugha moja ya zamani ya Warumi. Ilikufa, ikaacha watoto. Kiitaliano, Kifaransa, Kihispania, Kireno. Watu wa lugha hizo wameandika hadithi. Mimi nakwenda kusoma hizo hadithi, na kujifunza zinavyohamishwa kutoka lugha moja kwenda nyingine. Hakuna padri. Kuna mwalimu na ubao."

Ungo ulisimama. Nyangi alimtazama mwanawe kwa muda, akautikisa ungo mara moja zaidi, akauweka chini.

"Tumbo moja," alisema.

"Ndiyo."

"Sawa. Nimeelewa. Nilikosea kujumlisha." Kisha akasema kwa sauti ileile, "Lakini bado huendi."

Ghati alifumba macho. Odoyo akaona mabega yake yanashuka.

"Kwa nini, mama?" aliuliza Odoyo, ingawa si yeye aliyetakiwa kuuliza.

"Mwanangu wa kwanza anaitwa Felistas," Nyangi alimjibu yeye, si Ghati. "Alikwenda kusoma. Nilimsindikiza mwenyewe, nikacheza njiani. Sasa anafanya kazi Mwanza, ana nyumba, ana watoto wazuri. Akija hapa, anasimama pale, anapiga hodi. Nyumbani kwao. Nampa kiti anasema asante mama, anakaa kwenye ncha ya kiti. Hanikosei chochote, ananipigia simu kila Jumamosi nikitoka kanisani. Ila nilimpeleka mtoto, nikarudishiwa mgeni. Sina mwingine wa kupeleka."

Mzee Nashoni alikuwa anachora mchanga kwa ncha ya fimbo. Inawezekana hata yeye alikuwa hajaisikia habari ile ikisemwa kwa maneno.

Nyangi akajifuta mikono kwenye kanga, akamgeukia Odoyo mzima mzima.

"Unampenda huyu?"

"Nampenda, mama."

"Unataka kumuoa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi lete wazee wako. Si baada ya miaka mitatu. Wiki hii. Dini tutaongea, mimi si mkaidi wa namna hiyo, na Mjaluo pia ni mtu. Mkae Natta. Natta ni karibu, nitakuja kumwona, atakuja kunisaidia kuvuna, nitabeba wajukuu. Huyu mzee atakubali, nitamwambia akubali. Chukua mke wako leo. Ila chuo haendi."

Wasomaji wangu, nimewaona vijana wakililia neno kama hilo kwa miaka, wakafunga, wakaomba, wakauza hadi baiskeli. Odoyo alipewa bure, akiwa amesimama, kabla hajakaribishwa hata maji. Alimtazama Ghati. Aliiona nyumba. Aliona Ghati akitoka mlangoni kila asubuhi, na shingo yake, na mikono yake, na usiku usio na simu ya kukatika. Kile kitu kidogo cha jana kiliinuka tena ndani yake, na safari hii hakikuwa kidogo. Kilipiga kelele: sema ndiyo, mjinga wewe.

Ghati naye alikuwa anamtazama. Hakutikisa kichwa, hakumwonyesha ishara yoyote. Alitaka kuona atajibu nini.

"Asante, mama," alisema Odoyo. "Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa hivi. Lakini hapana."

"Hapana?"

"Jana alipopiga simu, moyo wangu ulifurahi kwanza kwamba amezuiwa. Nakwambia ukweli. Nikimchukua leo, nitakuwa nimemuoa kwa furaha ile, na furaha ile ni mbaya. Atapika, atafua, atacheka, ni mtu wa kucheka. Lakini siku wageni wakiacha kitabu, ataona na atageuza uso. Na mimi nitajua kwa nini. Mama, mimi namtaka Ghati yule anayesoma. Huyo mwingine simjui."

Nyangi alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

Ghati ndiye aliyesimama.

"Mmemaliza?" aliuliza. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini alikuwa amekasirika, na hasira ilimpendeza. "Mmoja ananitoa niolewe, mwingine ananikataa, na mimi nimekaa katikati kama kigoda cha tata. Odoyo, nani alikwambia mimi ningekubali kuolewa wiki hii? Mama, ungeniuliza hata mimi?"

"Nakuuliza sasa," alisema Nyangi, kwa unyonge ambao haukuwa wake.

"Nataka kwenda. Nataka kwenda na nataka kurudi. Vyote viwili."

"Felistas pia alisema hivyo."

"Felistas alisoma uhasibu, mama. Uhasibu utakuhadithia nini?" Ghati akakaa tena, karibu zaidi, akashika mkono wa mama yake uliokuwa na vumbi la ulezi. Na hapo akahamia Kikurya, pole pole. Odoyo hakuelewa maneno, lakini mzee alisogeza kigoda karibu naye akawa anamnong'oneza kwa Kiswahili.

Ilikuwa hadithi kutoka kitabu kimojawapo cha wageni. Kule Italia, mlimani, kulikuwa na mama mjane na binti yake. Binti amepata kazi mjini. Ana gauni moja zuri la kuendea. Kila siku ya safari ikifika, mama anaamka mapema kuliko kuku na kulifua lile gauni, analining'iniza kwenye kamba, na binti anaambiwa, haliwezi kukauka leo, utakwenda wiki ijayo. Wiki inafika, gauni liko majini. Majira yote yanapita hivyo. Gauni linachujuka, na wote wawili wanajua, na hakuna anayesema.

"Mwisho?" aliuliza Nyangi.

"Mwisho binti alilivaa likiwa bichi. Akaondoka nalo, linachuruzika njia nzima."

"Na mama?"

"Alisimama mlangoni mpaka matone yalipokauka barabarani."

Mkono wa Nyangi ulikuwa unasugua mkono wa Ghati bila yeye kujua.

"Huyo mama alikuwa Mroma?"

"Ndiyo, mama."

"Na alilia?"

"Kitabu kinasema alilia."

"Kumbe na wao," alisema Nyangi. Akatazama mbali, upande wa Ngoreme. "Siku naolewa mama yangu hakutoka kuniaga. Alijifungia jikoni akasema anatazama mchuzi. Hakukuwa na mchuzi."

Ghati akaegemeza kichwa begani kwake. Mzee Nashoni aliinuka, akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

"Hizo hadithi zipo nyingi?" Nyangi aliuliza baadaye.

"Nyingi sana."

"Za watu kama huyo mama?"

"Nyingi ni za watu hao."

"Basi nenda ukaziokote." Alivuta pumzi ndefu, akachukua ungo. "Lakini kila likizo uje unisimulie moja. Kwa Kikurya, si kwa Kiswahili chako cha shule. Na ukija na kukaa ncha ya kiti nitakiondoa kiti."

"Nitakaa chini, mama."

"Na wewe." Ungo ulimwelekea Odoyo, ambaye alikuwa bado amesimama pale pale alipokataa kuoa. "Jumapili akishaondoka, njoo hapa. Kuna shamba la mihogo halijapaliliwa. Mtu aliyemkataa binti yangu kwa sababu anampenda, nataka nimwone akiwa na jembe."

"Nitakuja, mama."

"Kaa basi. Kwani nani amekuadhibu?"

*

Jua liliposhuka kidogo, bodaboda ikaitwa. Ghati aliruhusiwa kumsindikiza Odoyo mpaka kwenye njia panda, umbali wa kuonekana kutoka uani, kwa sababu Nyangi alikuwa amebadili mawazo, hakuwa amepofuka. Walitembea wakiwa wameachana hatua ya heshima.

"Ulinikataa," alisema Ghati.

"Nilikuahirisha."

"Uliniumiza kidogo."

"Mimi niliumia sana. Kama ningejua ungesema nini..."

"Ningesema hapana. Halafu ningelia wiki nzima." Alipiga kijiwe kwa ncha ya kandambili. "Ukaogopa nitakutana na mtu huko?"

"Naogopa mpaka sasa."

"Vizuri. Ogopa kidogo. Na mimi nitaogopa wageni wako wa Kiitaliano wanaovaa kaptura."

Walicheka. Dereva alikuwa amefika, injini inanguruma, na hakuna kitu kinachoharakisha mapenzi kama bodaboda inayosubiri. Odoyo alipanda. Kwa mwaka mzima yeye ndiye aliyesema anampenda, kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, mara moja hata kwa Kiitaliano kibovu cha mezani, na Ghati alijibu kila mara kwa kucheka na kumwita mwongo. Hakuwahi kulirudisha neno.

"Odoyo."

"Naam."

Ghati alimtazama sawasawa machoni, katikati ya njia, mchana kweupe, watu wa kwao wakimwona.

"*Aheri*," alisema, kwa sauti kubwa ili ishinde injini.

Lilikuwa neno la Kijaluo, nakupenda, na alilitamka bila kosa. Odoyo, aliyekuwa amekataa ndoa bila kutokwa na chozi, alijaribu kujibu akashindwa. Akajifuta uso kwa kiganja, akajifuta tena, na dereva akaondoa pikipiki kwa huruma.

Uani, Nyangi alikuwa amesimama na ungo wake.

"Amemwambia nini kijana wa watu?"

Mzee Nashoni alikuwa amenunua ng'ombe kwenye minada ya Wajaluo tangu hajaota ndevu. Alilijua neno lile vizuri kabisa.

"Amemtakia heri," alisema. "Heri ya safari."

"Heri gani hiyo inayomliza mwanamume?"

Mzee alivuta kofia ikafunika macho.

"Ya Kijaluo," alisema.